Trekta zimepanda bei na hazipatikani, sasa mnunuzi afanyeje

Ndugu wakulima, viongozi wa vikundi, mafundi, madila yaani wauzaji wa trekta mliokuja, na nyie vijana mnaofikiria kuingia kwenye biashara ya kulimia watu, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeambiwa niongelee bei za trekta na huu uhaba, na nilikubali hapo hapo kwasababu hili jambo linaniuma. Naona watu wanachukua mkopo mkubwa kuliko kitu chochote walichowahi kununua, kwa mashine ambayo hawajaielewa, na ukimuuliza kwanini unakimbilia hivyo anakujibu "nikichelewa itapanda tena". Hiyo kauli ndio nimekuja kupambana nayo leo. Mimi nasema usinunue trekta kwa hofu, na nitawaeleza kwanini, kwahiyo mnivumilie kidogo manake inabidi turudi nyuma tuone bei ilipandaje, ukishajua ilipandaje utajua pia kipi kitashuka na kipi hakitashuka kamwe.

Mwaka 2020 korona ilipoingia viwanda vikafungwa, na watengenezaji wa magari wakadhani watu hawatanunua kitu wakakata oda zao za chipu, vile vifaa vidogo vya ndani ya kompyuta. Viwanda vya chipu navyo havikukaa kusubiri, vikahamia kwa wateja wa simu na kompyuta ambao walikuwa wananunua kama wamechanganyikiwa. Mambo yalipofunguka kila mtu akarudi kwa pamoja, na foleni ikawa ndefu, na kwenye hiyo foleni trekta zilikuwa nyuma kabisa. Mtu anaweza kushangaa trekta na chipu vinahusiana nini, ila fungua trekta ya kisasa uangalie: kuna kompyuta ya injini, mara nyingi kuna nyingine ya gia boksi, nyingine inasimamia haidroliki, dashibodi nayo ina yake, na zote zinaongea kwa waya na sensa. Na chipu zake nyingi ni zile za zamani za bei rahisi, ambazo kiwanda cha chipu hakina hamu ya kupanua kwasababu faida yake ni ndogo. Matokeo yake mashine inasimama kwenye yadi ya kiwanda imeshapakwa rangi, tairi zimefungwa, kiti bado kina nailoni, na haiwezi kutoka getini kwasababu inasubiri kifaa kimoja kinachotosha kwenye kiganja. Hii sio hadithi ya mtaani, makampuni yenyewe yalisema kwenye taarifa zao, mfano AGCO ambao ndio wenye Massey Ferguson, Fendt na Valtra, 2021 na 2022 walieleza kwamba wana mashine ambazo hazijakamilika kwasababu ya kukosa spea.

Juu ya hapo usafiri ukaharibika. Machi 2021 ile meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ikakwama mfereji wa Suez siku sita. Ila hiyo ilikuwa nyongeza tu, tatizo lilishakuwepo, bandari zimejaa na makontena yako sehemu isiyotakiwa. Kwa kipimo cha Drewry, kampuni inayofuatilia bei za usafiri wa meli, kusafirisha kontena la futi 40 kwenye njia kubwa za dunia lilikuwa wastani wa kama dola 1,400 mwaka 2019, Septemba 2021 likapita dola 10,000. Chuma nacho kikapanda vibaya mno, na trekta kwa sehemu kubwa ni chuma. Oktoba 2021 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa John Deere Marekani wakagoma mpaka katikati ya Novemba, mwaka uliofuata wa CNH, hawa wa Case IH na New Holland, wakagoma toka Mei 2022 mpaka Januari 2023. Mei hiyo hiyo AGCO wakavamiwa na wahalifu wa mtandao uzalishaji ukayumba. Yaani vilipangana kimoja nyuma ya kingine.

Alafu Februari 2022 vita ya Ukraine. Kule ndiko zilikuwa zinatengenezwa nyaya nyingi za viwanda vya magari vya Ulaya, na gesi ya neoni inayotumika kwenye kutengeneza chipu. Na vita hiyo hiyo ikapandisha nafaka, Machi 2022 kipimo cha bei za vyakula cha FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kilifika juu kuliko wakati wowote toka waanze kupima 1990. Sasa hapa tuelewane vizuri manake ndio kiini. Mkulima akiuza nafaka kwa bei nzuri anataka nini? Anataka trekta. Kwahiyo mahitaji yalipanda wakati ule ule ambao mashine hazipo, na muuzaji yeyote duniani akiona wateja watano wanagombea mashine mbili hawezi kutoa punguzo. Kwahiyo sehemu kubwa ya bei ile ilikuwa ni ya wakati, wala haikuwa ya chuma na mpira tu.

Na wakati ulibadilika! Hili wengi hawalisemi. Mapema 2023 kontena lile lile lilishashuka chini ya dola 2,000. Nafaka zikashuka, wakulima wa nchi kubwa wakapunguza kununua, yadi za madila zikajaa, Deere ambao 2023 walipata faida ya zaidi ya dola bilioni 10 wakashuka mpaka kama bilioni 7 mwaka 2024, wakapunguza uzalishaji wakapunguza na wafanyakazi. Yule aliyenunua 2022 kwa kuogopa kwamba 2024 hatapata kabisa, alinunua kwenye kilele. Ni kweli sababu mpya zimekuja pia, mwishoni mwa 2023 meli zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na 2025 Marekani ikapandisha ushuru wa chuma kutoka nje mpaka asilimia 50. Kwahiyo sisemi mambo yametulia, nasema uhaba unakuja na kuondoka, na mkopo wako hauondoki nao.

Lakini kuna sehemu ya bei ambayo haitarudi, na hapa lazima niwe mkweli ili mtu asikae miaka akisubiri bei za zamani. Sheria za moshi ndio zimebadilisha injini. Ulaya wako kwenye kiwango cha moshi kinachoitwa Stage V toka 2019 na 2020 kutegemea na ukubwa wa injini, Marekani Tier 4 Final ilikamilika miaka ya 2014 na 2015, India nao Januari 2023 wakaanza TREM IV kwa trekta za zaidi ya HP 50, yaani nguvu za farasi 50. Maana yake injini imeongezewa filta ya masizi kwenye ekzosi, mfumo wa kupuliza ile dawa ya urea yenye tanki lake pembeni, sensa za joto, kompyuta ya kusimamia vyote hivyo. Hewa inakuwa safi na mimi naunga mkono, ila ni gharama na haitatoka kwenye bei. Mkiangalia orodha za kampuni nyingi mtakuta modeli inaishia HP 74, nyingine 24 na kitu. Sio bahati, ni kwasababu ukivuka HP 75 au HP 25 sheria za Marekani zinakuwa kali zaidi na mitambo inaongezeka. Kwahiyo kama kazi yako inamalizwa na HP 70, yule anayekwambia "ongeza kidogo tu uchukue ya 90" anakuongezea pia mfumo mzima wa kutunza, na uliza nani atakutengenezea ukizingua katikati ya msimu.

Sehemu ya tatu ni pesa yenyewe. Benki kuu ya Marekani iliinua riba toka karibu na sifuri mapema 2022 ikaipeleka mpaka asilimia 5.25 hadi 5.50 Julai 2023, na pesa ikipanda kule inapanda karibu kila mahali. Ukichukua mashine kwa mkopo wa miaka mitano, riba ikiongezeka pointi nne au tano unaweza ukawa umelipa zaidi kwa riba kuliko ile nyongeza ya bei uliyokuwa unaikimbia. Na kama unauza mazao kwa pesa ya kwenu alafu trekta imewekwa bei kwa dola au yuro, hapo una mzigo mwingine ambao dila hawezi kukusaidia. Ukiletewa proforma, ile karatasi ya bei kabla ya kununua, piga hesabu ya jumla utakayolipa mpaka shilingi ya mwisho ya mkopo, achana na ile ya "kwa mwezi ni kiasi fulani tu".

Sasa tufanyeje. Mimi ningeanza na swali ambalo watu wanaliruka, hiyo trekta itafanya kazi masaa mangapi. Hesabu yake ni rahisi. Chukua upana wa jembe kwa mita, zidisha kwa spidi ya kilomita kwa saa, gawanya kwa kumi, unapata hekta kwa saa kama usingegeuza wala kusimama. Lakini unageuza, unasimama, unaziba pancha, kwahiyo chukua kama asilimia 75 yake. Jembe la upana wa mita moja, spidi ya 5, ni nusu hekta, asilimia 75 yake ni 0.375. Mwenye hekta 40 atalima kwa masaa kama 107. Masaa mia na saba! Ongeza haro, kupanda, kubeba mazao, bado mashine hiyo inalala siku nyingi sana za mwaka huku riba inatembea. Mtu wa namna hiyo au awe na uhakika wa kulimia wengine, au anunue na wenzake wawili watatu kwa mkataba ulioandikwa nani anaanza na nani anafuata, au aajiri trekta ya mwingine na pesa yake aiweke kwenye mbegu na mbolea. Hakuna aibu kwenye kuajiri. Aibu ni benki kuja kuchukua mashine ukiwa bado unadaiwa.

Jambo la spea ndio ningependa tukae nalo zaidi, kwasababu uhaba wa trekta tunauona ila uhaba wa spea tunaugundua ikishaharibika. Wapo waliolijua hili zamani sana. Kule Nebraska Marekani kulikuwa na mkulima anaitwa Wilmot Crozier, alinunua trekta iliyoandikwa Ford ambayo haikuwa ya Henry Ford, kampuni tu ilitumia hilo jina, ikamsumbua mno. Crozier alikuwa pia mbunge wa jimbo, na mwaka 1919 ikapitishwa sheria kwamba trekta yoyote mpya haiuzwi jimboni mpaka modeli yake ipimwe, na kampuni iwe na kituo cha huduma na spea ndani ya jimbo. Miaka zaidi ya mia imepita! Vipimo vilianza 1920 na mpaka leo vinafanyika, ripoti zake zipo bure kwenye intaneti, mtu yeyote mwenye simu anaweza kusoma modeli fulani ina nguvu kiasi gani kwenye pitio, ile shafti ya nyuma inayozungusha zana, inavuta kiasi gani, inakula mafuta kiasi gani. Someni hizo ripoti kabla ya kusoma bango la muuzaji, kwasababu bango linakwambia HP za injini na jembe haliendeshwi na HP za injini, nguvu nyingine inaliwa njiani kwenye gia na haidroliki, na ardhini tairi zikiteleza inaliwa tena.

Kwahiyo ukienda kwa dila usiombe akuonyeshe trekta kwanza. Mwambie nionyeshe filta za dizeli na oili za hii modeli. Nionyeshe sahani ya klachi. Nionyeshe wota pampu, pampu ya haidroliki, sili za ekseli ya mbele. Namaanisha uzione kwa macho kwenye shelfu, uguse boksi, usome namba ya spea, uulize na bei yake. Akikwambia "tunaagiza, zinakuja", muulize oda ya mwisho ya hiyo klachi ilichukua wiki ngapi na omba uone karatasi. Kama hana, basi ujue kwamba siku klachi inaisha wewe msimu wako umeisha. Na ukinunua, nunua pamoja na filta za mwaka mzima na mikanda, weka kwenye stoo yako, ni pesa ndogo ukilinganisha na wiki moja ya kusimama mvua imeshanyesha.

Kwenye spea hapo hapo kuna suala la programu. Trekta mpya nyingine ikipiga alamu fundi wako hawezi kuizima bila kompyuta ya kampuni, ata kama kilichoharibika anakijua na spea anayo mkononi. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria 2023 ya kumpa mkulima haki ya kupata vifaa na taarifa za kutengeneza mashine yake, ikaanza Januari 2024. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikaifungulia kesi Deere kuhusu huko kubana matengenezo, kampuni ikapinga. Mtaona kwamba hata wakulima wenye mashamba makubwa kabisa wanalia na hili. Wewe unaponunua uliza, fundi wangu atapata kifaa cha kusoma hitilafu au mpaka nyie mje? Mkija mnatoza kiasi gani kwa kilomita? Hayo yaandikwe.

Wengi humu mtaenda kwenye mtumba, na uhaba umepandisha hata mtumba, trekta za miaka ya 70 na 80 zisizo na kompyuta zimekuwa zinagombewa mnadani huko Marekani toka kabla ya korona. Sawa, mtumba mzuri ni mzuri, ila usiamini mita ya masaa peke yake. Angalia pedali, kama mita inasema masaa elfu moja na mpira wa pedali ya klachi umeisha mpaka chuma kinang'aa, mita imeguswa. Shika meno ya shafti ya pitio, yakiwa yamechongoka imefanya kazi nyingi. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, weka mkono, ukikuta imeshapashwa kabla hujafika jiulize wanaficha nini. Chomoa kijiti cha oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa kuna maji yanaingia, ondoka. Moshi wa bluu usioisha inakula oili. Alafu funga jembe zito, linyanyue juu, zima injini, kaa mwangalie na muuzaji huku mnaongea, likianza kushuka ndani ya dakika chache haidroliki inavuja ndani. Tikisa tairi za mbele kwa nguvu, sikiliza. Mwisho linganisha namba ya chasisi na ya kwenye karatasi, namba kwa namba, na ukikuta kibati kimegongwa upya usitoe hata kianzio.

Kwa wanaoweka oda ya mpya, mkataba ndio kinga yenu. Kipindi kile cha 2021 na 2022 kuna wanunuzi walikuta nyongeza juu ya oda walizokwisha weka, kwasababu kwenye karatasi kulikuwa na mstari mdogo unasema bei inaweza kubadilika bila taarifa. Huo mstari utafute. Ukiukuta, omba ufutwe au uwekewe mpaka, bei haitabadilika hadi tarehe fulani, na ikibadilika nina haki ya kurudishiwa kianzio changu chote. Tarehe ya kukabidhiwa iandikwe kwa siku na mwezi, na iwe kabla ya msimu na sio wakati wa msimu, na kianzio kikiwezekana kikae benki mpaka mashine ifike. Na oda iwekwe watu wakishavuna, wakati dila hana foleni, hapo ndipo utapata hata jembe la nyongeza au punguzo la spea. Kumbukeni pia punguzo linatoka kwenye ushindani, Januari 1922 Henry Ford alishusha bei ya trekta yake ya Fordson toka dola 625 mpaka 395 kwa mkupuo na wenzake wakalazimika kumfuata. Kwahiyo chukueni proforma kwa wawili au watatu, na vikundi vikiungana kuagiza mashine kadhaa za modeli moja mnakuwa na sauti, na spea zenu zinafanana, na fundi mmoja anawajua wote.

Naomba nimalizie na madila waliokuja leo, najua na nyie mmebanwa, kiwanda kinawachelewesha na mteja anawalaumu nyie. Ila kuna mambo yako mikononi mwenu. Tunaomba mtundike ukutani orodha ya spea zilizopo stoki kwa kila modeli mnayouza, mseme wazi bei ya oda inakaa siku ngapi bila kuguswa, na mseme kianzio kinarudishwa ndani ya muda gani mashine isipofika. Hayo matatu tu. Baada yangu mmepewa nafasi ya kuongea, na ningeomba kabla hamjaanza kutuonyesha picha za mashine mpya, mtujibu hayo hapa mbele ya watu wote, na makatibu wa vikundi mwandike majibu yao.